Mhakiki si Kupe: Neno Kutoka Mpanda

Kuna maneno yaliyokwisha kuwa kama kibwagizo midomoni mwa watunzi wetu, wa pwani na wa bara. Husemwa barazani, husemwa katika dibaji za diwani, husemwa zaidi na mtunzi aliyekosolewa jana na ambaye leo uchungu haujamtoka. Maneno yenyewe ni haya: mhakiki wa sanaa ni kupe, anaishi kwa damu ya mnyama asiyemfuga, mwenyewe hazai, kazi yake kuhesabu meno ya watoto wa wenziwe. Na wapendao kuipamba hoja huongeza mfano wa sayansi. Tazameni, wasema, sayansi imemfikisha binadamu mwezini kwa sababu huko hakuna wahakiki, kuna wagunduzi tu. Sisi wa ushairi ndio tuliojitwika watu wasiotunga ili watuambie namna ya kutunga.

Nayapinga maneno haya, tena nayapinga mimi niliye mtunzi. Sina shahada ya chuo chochote. Vina na mizani nilijifunza katika kurasa za magazeti makuukuu, na lugha nizitafsirizo nilizipata kwa kamusi na subira. Makazi yangu ni Mpanda, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, mahali ambapo diwani mpya hufika kwa bahati na mhakiki hafiki kabisa. Basi sina cheo cha uhakiki cha kukitetea, wala rafiki mhakiki wa kumlipa fadhila. Nasema kwa kuwa neno hili la kupe linatudhuru sisi watunzi kabla ya kumdhuru mhakiki yeyote.

Hoja yangu ni fupi. Sayansi ina wahakiki wengi kuliko sanaa, na wakali kuliko wetu. Tofauti iliyopo ni kwamba mhakiki wa sayansi hulazimika kuonyesha kipimo chake na kukiacha wazi, ili mwingine naye akichukue apime upya. Uhakiki wetu wa ushairi, ulipotaka kufanana na sayansi, uliazima kiti cha hakimu na joho lake, ukasahau kuazima mizani.

Nianze na jina ambalo msomaji wa visiwani atalipenda. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Aliyatia maziwa yake kwenye friji yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa kwa swali lile lile: hiyo, aliambiwa, ni fizikia ya Mpemba, si ya walimwengu. Hakunyamaza. Alipofika shuleni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kijana alisimama mbele ya watu akauliza tena. Osborne hakumwamini, lakini alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 mwanafunzi na mhadhiri wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wa dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa mpaka hapo, kiwe hadithi ya mnyonge aliyeshinda. Lakini hakikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha makala yenye kutilia shaka jambo lenyewe. Walipima wao, wakayapitia na majaribio ya waliotangulia, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa hadi nyuzi za kuganda upesi kuliko ya baridi. Tena wakaonyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini ndani ya chombo, chaweza kuleta matokeo yenye kufanana na ya Mpemba. Wengine hawajakubaliana nao, na mjadala ungaliko.

Sasa tuwaweke bega kwa bega mwalimu wa mwaka 1963 na watafiti wa mwaka 2016. Wote walimkatalia Mpemba. Mmoja alimkatalia kwa cheko, akiwa na kanuni mkononi na bila ya chombo mezani. Wengine walimkatalia kwa kupima, wakaeleza walivyopima, na kwa kueleza hivyo wakampa kila mtu njia ya kuwakatalia wao. Cheko la mwalimu halikumwachia mwanafunzi kitu cha kushika. Makala ya mwaka 2016 ilimwachia ulimwengu kazi ya kufanya. Mtunzi mwenzangu anayelalamika kuwa wahakiki wamemwonea, na ajiulize kwanza alikutana na yupi kati ya hao.

Nina mfano wa pili, na huu ni wa kwetu Katavi. Ukitoka Mpanda kwenda kusini, ukaivuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unaingia nchi ya Wapimbwe. Zamani ilikuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 imo katika mkoa mpya wa Katavi. Wageni wengi huijua kwa kuwa ndiko alikotoka Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa mwaka 2008 hadi 2015. Wachache wanajua kwamba ndoa za wakulima wa huko zimeingia katika ubishani mkubwa wa elimu ya viumbe.

Mwaka 1948 Angus Bateman, Mwingereza, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa inzi wadogo wa matunda. Alihitimisha kwamba dume huongeza uzao wake kwa kuongeza majike, ilhali jike halipati faida kama hiyo kwa kuongeza madume. Hitimisho likatoka kwa inzi likapanda hadi kwa binadamu, likageuka kanuni, na wapo waliolitumia kueleza kwa nini mwanamume ni hivi na mwanamke ni vile. Katika miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alianza kuandika kumbukumbu za ndoa, talaka na uzazi huko Mpimbwe. Mwaka 2009 akachapisha makala kwamba kwa Wapimbwe kanuni haikwenda ilivyotarajiwa: wanawake ndio walioelekea kunufaika kwa kuolewa zaidi ya mara moja, wanaume hawakunufaika hivyo. Mwaka 2012 Patricia Gowaty na wenziwe huko Marekani wakayarudia majaribio yenyewe ya Bateman, wakaona kuwa namna aliyotumia kutambua wazazi wa kila inzi ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa baadhi ya vizazi vilikufa kabla ya kuhesabiwa.

Utamu uko katika hatua iliyofuata. Mwaka 2019 Borgerhoff Mulder mwenyewe, pamoja na Cody Ross, alizirudia kumbukumbu za Mpimbwe, sasa za miaka 20, akaligawa neno ambalo awali lilichukuliwa kuwa kitu kimoja. Kuwa na wenzi wengi ni jambo moja, kukaa katika ndoa miaka mingi ni jambo jingine. Ukihesabu miaka ya ndoa, kanuni ya Bateman inasimama. Ukihesabu idadi ya wenzi, huku miaka ya ndoa ikiwa sawa, mwanamke anaongezewa na mwanamume anapunguziwa. Watu ni wale wale, vijiji vile vile, daftari lile lile. Kilichobadilika ni kipimo, na jawabu likabadilika nacho.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako, maana hili ni swali ambalo ushairi wetu umelikimbia miaka mingi: tunapohesabu, tunahesabu nini?

Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, tumekuwa na kitabu cha kanuni. Simlaumu marehemu, alitufanyia hisani kubwa kwa kuyaweka katika maandishi yale yaliyokuwa katika masikio ya mafundi. Lawama yangu ni kwa waliomfuata, waliochukua kanuni za fundi wakazifanya kanuni za mahakama. Zilipokuja tungo zisizofuata vina na mizani katika miaka ya 1970, na hasa ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, swali lililoulizwa na upande mmoja lilikuwa: hili ni shairi au ni guni? Upande wa pili nao ukajibu kwa hukumu ya namna hiyo hiyo, kwamba vina na mizani ni minyororo na anayeshikamana navyo ni mfungwa. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walijitahidi mwaka 1979, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kuurudisha mjadala kwenye asili na kazi ya ushairi. Lakini mabishano ya magazetini na madarasani yaliendelea kutafuta mshindi, kana kwamba diwani moja ikisimama nyingine sharti ianguke.

Hilo ndilo kosa la kwanza la kuiga sayansi vibaya. Katika sayansi, kipimo bora kikija, kile kibovu huachwa, na hasara haipo. Mwanafunzi wa leo hahitaji kusoma makala ya Bateman ili ajue habari za inzi. Katika sanaa hakuna anayeachwa kwa namna hiyo. Kichomi haikuiua Diwani ya Amri. Diwani ya Amri haikumzuia Kezilahabi asitunge Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008. Tenzi na mashairi huru hukaa rafu moja, na msomaji mmoja huvisoma vyote katika usiku mmoja. Kwa hiyo mhakiki wa sanaa hana kazi ya kufuta. Kazi yake ni kutuonyesha kilichomo na kisichokuwamo, kisha kutuachia kitabu mikononi.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kudhani kwamba kwa kuwa mizani huhesabika, basi kuhesabu mizani ndio uhakiki wa kisayansi. Nitatoa mfano wa mishororo niliyoitunga papa hapa kwa ajili ya hoja, nisimuumbue mtu. Wa kwanza ni huu:

Elimu ni kitu bora, tuitafute elimu.

Hesabu: mizani minane, mizani minane. Haupungui wala hauzidi. Ungeweza kupita mbele ya kamati yoyote. Sasa tazama wa pili:

Mama kauza mpunga, mwana arudi shuleni.

Minane kwa minane tena. Mwenye kuhesabu ataiweka mishororo hii sawa, na kwa kipimo chake hajakosea. Lakini msomaji yeyote anahisi kwamba wa kwanza ni tangazo, na wa pili una mtu ndani yake. Kisha badilisha neno moja tu:

Mama kauza mbeguye, mwana arudi shuleni.

Mizani haikutikisika. Mpunga ni silabi tatu, mbeguye ni silabi tatu. Ila kwa mkulima wa Mpimbwe au wa Bonde la Katuma, mambo mawili haya hayakaribiani. Kuuza mpunga ni biashara ya kila mwaka. Kuuza mbegu ni kuuza msimu ujao. Ni kusema kwamba mvua zitakapofika hakutakuwa na cha kutia ardhini. Neno moja limeigeuza furaha ya kurudi shuleni ikawa deni ambalo mwana halijui na mama hatalitaja. Yote hayo yamo katika silabi zile zile tatu.

Mhakiki ni yule anayeweka kidole juu ya neno mbeguye akasema: hapa. Hilo ni jambo linaloweza kupingwa. Msomaji wa Makunduchi anaweza kusema kwamba kwake mbegu haina uzito huo, kwa kuwa chakula chake chatoka baharini, na mhakiki itampasa aeleze zaidi au akubali kuwa mshororo unadai kujulishwa. Mwingine anaweza kusema kwamba kiishio -ye ni pambo la kishairi linalopunguza ukali wa habari, na kwamba mama wa kweli angesema mbegu yake. Hiyo nayo ni hoja, na inaweza kupimwa kwa kusoma kwa sauti. Haya ndiyo ninayoyaita maabara ya mhakiki: mshororo uliowekwa mezani, sikio, na mtu wa pili. Hayaleti jawabu moja la milele kama hesabu, lakini si ramli pia. Asemaye kwamba katika sanaa kila mtu na ladha yake, basi mjadala umekwisha, na aseme pia kwamba mpunga na mbegu ni mamoja.

Kazi ya kutafsiri imenithibitishia jambo hili kuliko kitabu chochote. Mtafsiri hawezi kujificha nyuma ya sifa. Huwezi kutafsiri utamu wa shairi kwa jumla. Unatafsiri neno baada ya neno, na kila neno linakuuliza kwa nini liko pale. Ndiyo maana hushtuka ninaposikia kwamba mhakiki na msanii ni mataifa mawili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa fasihi chuo kikuu huko Kent na mhakiki wa vitabu vya wengine. Kezilahabi alifundisha na kuhakiki. Mulokozi na Kahigi ni watunzi wa Malenga wa Bara kabla ya kuwa waandishi wa kunga. Katika sayansi anayekosoa jaribio ni mfanya majaribio; katika fasihi yetu nako, mara nyingi zaidi kuliko tunavyokiri, kupe na ng'ombe ni mtu mmoja.

Nimewatetea wahakiki. Sasa naomba wanisikilize nao, maana wapo waliolipa neno la kupe mahali pa kung'ata.

Wapo waliovaa koti la maabara bila ya kuingia maabara. Hawa huanza na nadharia, na shairi huletwa baadaye kama mgonjwa aletwavyo mbele ya daktari aliyekwisha kuandika dawa. Utasoma kwanza kurasa kumi za historia ya nadharia iliyozaliwa Ulaya au Marekani, kisha kurasa tano za mistari iliyokatwa katwa, na mwisho hitimisho kwamba utafiti umebaini kuwa shairi lina tashibiha, sitiari na takriri. Kubaini huku kuna faida gani? Ni kama mtu aliyepewa mtumbwi akabaini kuwa una mbao. Kipimo cha kweli cha sayansi ni kwamba jaribio laweza kushindwa. Nadharia ambayo kila shairi linaithibitisha, liwe la Haji Gora Haji au la mtoto wa darasa la tano, haijapima kitu. Mhakiki wa namna hii na aniambie ni shairi gani lingemfanya aiache nadharia yake. Kama halipo, asiite kazi yake utafiti.

Wapo pia wasifiaji. Hawa nawaogopa zaidi, kwa kuwa hawachukizi. Diwani ikizinduliwa watasema kwamba mwandishi amekata kiu, amegonga ndipo, amezama na kuibuka na lulu. Ukiuliza lulu ipo ukurasa wa ngapi, utaonekana mwenye husuda. Anayeufahamu mto Katuma wakati wa kiangazi ameona viboko wanavyorundikana katika dimbwi lililobaki, mgongo juu ya mgongo, hata usijue yupi mkubwa yupi mdogo. Ndivyo tulivyo watunzi ndani ya sifa: dimbwi linapungua, tope linazidi, na kila mmoja anamwegemea mwenziwe. Mwanafizikia anayesifiwa tu na wenziwe huanza kuwa na wasiwasi kwamba hakuna aliyesoma kazi yake. Mshairi akisifiwa tu, hufanya hafla ya pili.

Na wapo wanaohakiki kwa cheti cha kuzaliwa. Mswada wangu mmoja wa zamani ulirudishwa na msomaji wa kampuni moja ya vitabu, nisiyeitaja, ukiwa na sentensi moja tu: lugha nzuri, lakini harufu yake si ya mwambao. Hakutaja shairi, ubeti wala neno. Ingekuwa amesema kwamba nimetumia neno la kienyeji mahali pasipolihitaji, ningebishana naye au ningemshukuru, harufu hainijibiki. Tena hao wanaopima kwa harufu wana kazi ngumu mbele ya historia yenyewe. Kaluta Amri Abedi, mwenye sheria za mashairi, alikuwa mtu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linaloosha mwambao wa Karema hapa mkoani Katavi. Saadani Kandoro naye alizaliwa Ujiji. Na Kezilahabi, ambaye wengi walimsukumia bara, alizaliwa Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa. Mahali haparidhi kuwa hoja. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alipata elimu ya chuoni, yaani ya Kurani, akafanya kazi za bahari na za upagazi, na Kimbunga yake ya mwaka 1994 ikasomwa vyuo vikuu. Waliompima kwa vyeti wangempita njiani bila ya salamu.

Mtu atasema kwamba ninadai jambo geni, kwamba Waswahili hatuna desturi ya kukosoana hadharani bila ya kugombana. Si kweli, na wasomaji wa ukurasa huu wanajua kuliko mimi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo katika karne ya kumi na tisa, na majibizano yale hayakuwa ya siasa tu. Mjibu hoja hushika kina na neno la mwenziwe akaligeuza, na huwezi kugeuza neno usilolisoma barabara. Tungo za Muyaka nazo zisingetufikia kama zilivyo lau si Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya na kuzieleza katika miaka ya mwisho ya karne ile, akisaidiana na W. E. Taylor, hata Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Mtu akiniuliza mhakiki ana faida gani, namtajia Mwalimu Sikujua. Alisikiliza, akachagua, akafafanua, akahifadhi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, nalo likawa uwanja ambako malenga wa mji mmoja alimtupia fumbo malenga wa mji mwingine, na jibu likaja kwa vina. Hiyo ndiyo desturi yetu ya kupitia kazi za wajuzi wenzetu, na tulikuwa nayo kabla hatujasikia kwamba majarida ya sayansi yana utaratibu kama huo.

Sitaki kumaliza kwa kuisifu sayansi kupita kiasi, kwani nayo ina mlango wake uliofungwa. Wapimbwe ambao ndoa zao zilikosoa kanuni ya mwaka 1948 hawakuwamo miongoni mwa walioulizwa kama makala ile imesema kweli. Waliandikwa, wao hawakuandika. Huko wahakiki ni wale wenye lugha ya kigeni na usajili wa chuo. Hapo ushairi una nafasi ya kuipita sayansi, ikiwa tutataka. Mama wa Usevya hawezi kuhakiki jedwali la takwimu lililoandikwa kwa Kiingereza, lakini anaweza kuhakiki mshororo wa mbegu, tena kwa ujuzi ambao profesa hana. Ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza? Diwani zetu zinazungumza juu ya mkulima miaka nenda miaka rudi, na mkulima hajapata kusikika akisema kwamba mtunzi amekosea msimu.

Basi ninayo maombi kwa jarida hili, ambalo limetulea wengi tusio na chuo. Kila shairi linalochapwa lipewe, katika toleo lifuatalo, nafasi ya pingamizi moja lisilozidi nusu ukurasa, na sharti lake liwe moja: mpingaji ataje neno au mshororo anaoupinga na aseme sababu. Sifa tupu zikataliwe kama matusi yanavyokataliwa, kwa kuwa zote mbili hazina cha kupimwa. Mtunzi apewe nafasi ya kujibu, kwa nathari au kwa beti. Na barua zitakazotoka Mpanda, Inyonga, Karema au Micheweni zisomwe kwa yaliyomo, bila ya kunuswa.

Mimi nitaanza kwa kujitoa. Ule mshororo wa mama na mbeguye umekwisha kutiwa mezani. Bado hauna shairi. Anayeona kwamba neno linalofaa pale ni mpunga, au ni neno jingine la silabi tatu nisilolifikiria, alete na sababu yake.